Mdogo Wake Aliitika, Deni Likafufuka

Mmenisusa. Tangu watu waanze kupulizia salfa, benchi langu wanakalia kuku, na mfuko wa barua unarudi mwepesi kama ulivyokwenda. Mnasema mna kazi shambani. Kazi ya mikorosho naijua, nimeifanya kabla mama zenu hawajaota meno. Wengine wenu hamkwenda shambani kupulizia, mmekwenda kujificha.

Na wewe mama wa Mnyambe uliyeleta barua hii, wa kwanza kugombezwa ni wewe. Mwaka jana baada ya msiba ulikuja hapa, ukakaa, ukanywa uji wangu, ukalia, ukaaga vizuri. Kumbe kinachokutafuna ulikuwa umekifunga kwenye pindo la khanga, ukaondoka nacho. Leo ni miezi kumi na saba. Barua yako nimesomewa mara tatu, nimeitoa yote hapa kwenye ukurasa wangu wenzako waisome, na majina nimeyabadilisha. Nyie wengine wa Mnyambe msianze kuhesabu nyumba.

*

Shikamoo Bibi Agatha,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango mchana kweupe, naomba unisaidie maana nimefika mahali ambapo nikisema namfungisha mwanangu na nikinyamaza namfilisi kaka yangu, na sioni njia ya katikati.

Nina watoto watatu, au niseme nilikuwa nao, wa kwanza Felix, wa pili Queen, wa mwisho Anderson, baba yao alivuka kwenda Msumbiji wakiwa wadogo na hakurudi, kwa hiyo aliyewalea ni kaka yangu Gervas, na wewe Bibi huhitaji kuambiwa kwetu mjomba ni nani. Felix alipopata chuo Dodoma fedha hazikutosha, tukaenda kwenye mfuko wa elimu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, wakasema watamkopesha ila awepo mdhamini mwenye mikorosho, na kaka hakusita hata kidogo, akaweka shamba lote alilopanda baba yetu, akatia sahihi, na mimi nikatia yangu kama shahidi.

Hapa ndipo naanza kuungama. Siku ile mama mmoja wa ofisini alitusomea masharti, kaka alikuwa ameshaanza kupeana mikono na watu kwa furaha, lakini mimi nilisikiliza, akasoma kwamba mkopaji akifariki, au akiumia asiweze tena kufanya kazi, familia ikileta cheti deni linafutwa na mdhamini anaachiliwa mali yake. Nilisikia neno kwa neno. Nikamchukia yule mama, nikaona anamtabiria mwanangu kifo siku ya furaha yake, na tulipotoka nje nikatema mate chini ili lile neno lisitufuate.

Mwaka jana mwezi wa tatu Felix alikuwa nyumbani kwa likizo, akapanda bodaboda kwenda Masasi, mvua ilikuwa imenyesha, kwenye mteremko ikateleza. Walimpeleka Ndanda, wakahangaika naye kwa moyo, siwezi kusema neno baya juu yao, siku ya nne akakata roho nikiwa nimemshika miguu. Nikapewa karatasi ya hospitali, nesi akaniambia mama hii usiipoteze, nenda nayo wilayani ofisi ya vizazi na vifo ukachukue cheti. Nilikwenda, Bibi, nilifika mpaka mlangoni. Nikakuta foleni ni moja tu, kuna waliobeba vichanga wanafuata vyeti vya kuzaliwa, na kuna wa namna yangu, wamepangana pamoja, mtoto mmoja ananichekea begani kwa mama yake. Nikageuka nikarudi. Karatasi nikaitia kwenye debe la mbegu za njugu mawe, nikafunika.

Arobaini ikafika, padri akasali, na alipoondoka wazee wakafanya ya kwetu, wakamwaga unga wa mtama, wakamkalisha Anderson kwenye mkeka, wakampa jembe la Felix, saa ya Felix na jina la Felix, wakasema kuanzia leo Felix yupo, huyu hapa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba. Queen aliyemlisha Anderson uji kwa kijiko ikabidi amwamkie shikamoo kaka, mwanzoni walikuwa wanacheka wote wawili, Anderson anaitikia marahaba kwa sauti nene ya kuigiza, halafu siku moja wakaacha kucheka, ikawa ndivyo ilivyo.

Mwezi wa saba akaja karani wa mfuko na pikipiki, kijana mgeni, ndiyo kwanza amehamia, hakujua kama hapa palikuwa na msiba. Akasema chuo kimewaarifu kwamba mkopaji hajaonekana darasani, kwa hiyo atie sahihi mpango mpya wa kulipa, asipofanya hivyo itageuka kesi. Akauliza, "Felix ni nani hapa?" Anderson alikuwa anasafisha bomba la kupulizia, akalitua, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Ni mimi."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, Bibi. Kinywa ninacho. Sikusema kitu, na la kutisha zaidi ni kwamba nilifurahi. Nilimsikia mtu wa ofisi anaita Felix na Felix anaitika, nikaona kumbe hata ofisi imekubali.

Anderson akatia sahihi. Hakufanya kwa ujanja, nakuapia, aliona ukipewa jembe la mtu umepewa na kazi aliyoiacha. Msimu ulipofika fedha za korosho za kaka zikaja zimekatwa, kaka akakubali, kwake yeye mpwa wake alikuwa amekiri deni na mambo yameisha. Anderson wakati huo alikuwa ameanza kidato cha tano Chidya. Aliporudi Krismasi akaniambia hawezi kukaa darasani wakati mjomba anakatwa kwa ajili yake, hivyo ndivyo alivyosema, "kwa ajili yangu", na mimi sikumsahihisha. Mwezi wa kwanza hakurudi shule. Sasa yuko Masasi anafyatua matofali, anatuma kidogo anachopata, na kwenye simu yake kajiandika Felix.

Mwezi wa sita mwaka huu kaka Gervas akaanguka shambani, kiharusi, mkono wa kulia na mguu vimekufa, mdomo umekwenda upande, na salfa hakuna aliyenunua kwa sababu fedha ilishakatwa, mikorosho imevaa ubwiri mpaka majani yamekuwa meupe. Nilikwenda kumwona nimebeba ndizi, mke wake Helena akazipokea akaziweka chini bila kuziangalia, akaniambia, "Wifi, mwanao hata akizikwa anaendelea kukopa?" Kaka alijaribu kumkataza akashindwa kutamka, mate yakamtoka, Helena akamfuta, na mimi nikaondoka.

Sasa chama kimeandika kwamba mdhamini ameshindwa, shamba litakodishwa kwa mtu mwingine avune misimu mitatu, uamuzi ni kwenye mkutano wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Kaka hajui kama kipengele kile kipo, nakala yake ililiwa na mchwa. Yangu ninayo, nimeifunga pamoja na barua hii.

Nikitoa karatasi ya hospitali nikachukua cheti, watauliza kama Felix alikufa mwezi wa tatu, aliyetia sahihi mwezi wa saba ni nani, na watamchukua Anderson. Nisipoitoa, kaka yangu anakufa akiwa hana hata mkorosho wa kukalia kivulini. Na kuna la tatu nililoona aibu kuliandika. Siku nitakayochukua cheti, Felix atakuwa amekufa. Najua utanicheka.

Wako,
Mama Felix, Mnyambe

*

Marahaba, mwanangu.

Sikucheki. Nimezika wanne kati ya saba, na wa kwanza nilikaa mwaka mzima nikimwekea chakula kwenye bakuli lake, jirani wakidhani nina mbwa. Pole yangu umeipata, ishike vizuri kwa sababu sina nyingine ya kuongeza. Sasa kaa nikugombeze.

Unasema ukisema utamfungisha mwanao na ukinyamaza utamfilisi kaka yako, kama vile mizani iko sawa. Haiko sawa. Ukinyamaza, yote mawili yanakuja: kaka anapoteza shamba, na Anderson anabaki na deni la mtu mwingine mpaka ndevu zake ziote mvi. Ukisema, kuna aibu, na kuna hatari ambayo nitaifikia sasa hivi. Usiyapike kwenye chungu kimoja.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo ulipopotea, na wengi wanaosoma hapa wanaweza kupotea hapo hapo.

Agatha ni jina langu la ubatizo. La nyumbani ni la mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyekufa kwa uzazi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilikalishwa mkekani, nikapewa kinu chake. Watoto wake walionizidi kimo waliniita mama, nikawaitikia, na mpaka leo aliyebaki mmoja ananiita hivyo, mzee wa watu hana jino. Kwa hiyo usitegemee nikuambie wazee wako walikosea. Waliweka mtu pale palipokuwa na shimo ili msitumbukie. Ndiyo kazi yake.

Lakini baada ya mwezi, mume wa marehemu alikuja nyumbani na kanzu safi, akasema amekuja kumchukua mke wake, kwani si mmempa jina? Bibi yangu alikuwa anatwanga. Hakuuliza baraza la wazee wala hakwenda kwa padri. Alimfuata na mchi mpaka barabarani, na alimwambia neno ambalo mji mzima ulilisikia: "Jina tumempa. Yeye hatujamtoa."

Sasa wewe, siku karani alipouliza Felix ni nani, mchi wako ulikuwa wapi?

Anderson alikuwa mtoto. Alifundishwa kuitika akaitika, na mtoto mwenye adabu ndivyo afanyavyo. Aliyepaswa kusimama ni wewe uliyekuwa hatua tatu. Umeandika mwenyewe kwamba ulifurahi. Nashukuru umesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonifanya nisitupe barua yako kapuni. Lakini nisikilize. Barua yako ni ndefu, na Felix yumo kila mahali, chuo chake, saa yake, jembe lake, miguu yake uliyoishika. Anderson alipochaguliwa kwenda Chidya ulimpikia nini? Hujaandika. Alipokuambia haendi tena shule, ulimjibu nini? Hujaandika. Mikono yake ikoje sasa kwa hayo matofali? Sidhani unajua. Una mtoto hai anayejiandika jina la marehemu kwenye simu, na wewe unampigia kwa jina hilo hilo kwa sababu linakutuliza. Mwanangu, dawa yako imekuwa njaa ya mwenzio.

Basi. Nimemaliza kupiga, sasa kazi.

Nakala yako nilimpa Glory, msaidizi wa kisheria hapa Newala, ambaye nilimpokea siku anazaliwa kwa hiyo hanidanganyi kirahisi. Mimi herufi sijui hata moja. Nilimwambia asome kile kipengele mara tatu: ya kwanza nisikie, ya pili nielewe, ya tatu nimkamate kama amebadilisha. Hakubadilisha. Kipo kama ulivyokisikia. Mkopaji akifariki deni linakoma siku ile ile, na mdhamini anaachiliwa, mradi cheti kifike. Na hicho chako hakikuweka mwisho wa siku za kukileta. Mshukuru Mungu, kwa sababu Glory anasema kuna mikataba inayoweka.

Nyie wengine wenye karatasi za udhamini chini ya magodoro, hapa nasema na nyie pia. Tafuteni mtu awasomee leo kipengele cha kifo na kipengele cha ulemavu. Kama hakipo, ulizeni kwa nini hakipo kabla hamjatia sahihi. Msiteme mate. Neno halimuui mtu. Kinachoua familia ni kulitafuta neno hilo wakati mchwa ameshakula karatasi.

Sahihi ya Anderson. Nilimuuliza Glory bila kuzunguka kama huyu mtoto atafungwa. Aliisoma tena karatasi, na mimi mtu wa sheria anayerudia karatasi namwamini kuliko anayejibu mbio. Akasema, "Bibi, siwezi kukuahidi. Ila anayekuja mwenyewe hapokewi kama anayekamatwa." Halafu akaniuliza swali ambalo wewe hukuliwaza, kwamba siku ile Anderson alikuwa na umri gani. Kama alikuwa amemaliza tu kidato cha nne, huenda kumi na nane alikuwa hajafika, na sahihi ya mtoto kwenye mkataba wa deni haisimami. Ana cheti cha kuzaliwa? Nina wasiwasi hana, nusu ya watoto wetu hawana. Kwa hiyo ile foleni uliyoikimbia utarudi kuisimamia, na safari hii una mambo mawili dirishani: cheti cha kifo cha mmoja na cha kuzaliwa cha mwingine. Uliona vibaya foleni kuwa moja. Mimi naona imekurahisishia nauli.

Lakini usianzie huko. Kesho asubuhi anzia kwa kaka yako.

Nenda mwenyewe, usimtume Queen. Helena awepo, tena umwombe akae. Mwambie Gervas, nilisikia masharti siku ile nikanyamaza, karatasi ya hospitali ninayo tangu siku ya msiba, na karani alipokuja nilimwacha mtoto aitike. Useme hayo matatu, usiweke kilio katikati. Kulia baadaye. Mdomo wake ndio umekwenda upande, masikio yako mahali pake. Atakasirika. Akitaka kukutukana na ulimi ukamkwama, msubiri mpaka amalize, ni haki yake, tena ni mazoezi. Helena akikusema, pokea. Amekatwa fedha mwaka mzima, amemfuta mume mate, na wewe ulimletea ndizi. Hukumjibu siku ile, na siku hii pia usimjibu.

Ukitoka hapo, fukua debe lako. Karatasi ya hospitali mkononi, nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, kisha wilayani. Watakuuliza kwa nini umechelewa, na kuna ada ya kuchelewa. Kwa nini umechelewa, waambie ulishindwa. Hilo ni jibu, na wamelisikia mara nyingi. Wakikuuliza jina la marehemu itabidi ulitamke, na najua sauti itakatika. Ikatike. Anayeandika atasubiri. Asiposubiri, aliyesimama nyuma yako atamwambia asubiri.

Wazee wawili kati ya wale waliomwaga unga waombe waje na wewe kwa Glory. Wataandikiwa maelezo kwamba ni wao waliompa Anderson jina, lini, na kwa nini. Wasione haya. Karani ni mgeni, na hata wenye chama wakiwa wa hapa hapa, mezani wanasahau mila za kwao. Waambiwe kwa karatasi. Na Anderson aje mwenyewe kutoka Masasi. Aseme kwa mdomo wake alichosema siku ile na kwa nini alisema. Wewe usimsemee hata neno moja. Ulipopaswa kumsemea ulikaa kimya, sasa kaa kimya wakati ambapo kukaa kimya kuna faida.

Barua ya Glory iwafikie chama wiki mbili kabla ya mkutano, siyo siku ya mkutano. Itaomba deni lifutwe kuanzia siku ya kifo, shamba liachiliwe, na kilichokatwa baada ya kifo kirudishwe. La mwisho huenda wasikupe, usife kwa ajili yake. Chukua pia maelezo ya daktari kuhusu hali ya kaka yako, yasomwe mbele ya wanachama. Mkataba wenu unamtaja mkopaji anayeumia na hausemi kitu juu ya mdhamini anayeumia. Huo ni upungufu, na mkutano ndipo mahali pa kuusema kwa sauti, kwa sababu ndani ya ukumbi ule kila mtu amemdhamini mtoto wa mtu, na kila mtu ana mkono wa kulia unaoweza kulala kesho.

Sitakudanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Hata mkishinda, mwaka huu mavuno yameshakwenda na ubwiri. Mkono wa Gervas huenda usirudi. Anderson amepoteza mwaka wa shule, na nafasi yake Chidya sijui kama ingali inamsubiri, nendeni mkaulize mwalimu mkuu kabla hamjakata tamaa. Na wifi yako huenda asikusamehe kabla ya mmoja wenu kufukiwa. Ukitafuta mshauri wa kukuambia vingine, wapo wengi redioni.

Umebakiza lile la tatu. Unasema siku utakayochukua cheti, Felix atakuwa amekufa. Mwanangu, Felix alikufa siku ya nne pale Ndanda, na miguu yake ilipoa mikononi mwako. Wewe unajua kuliko karatasi yoyote. Kutokuchukua cheti hakujamrudishia hata pumzi moja. Kumemfanyia jambo jingine: kijana aliyezikwa na sala zote anaitwa mdaiwa sugu, anatafutwa na pikipiki, jina lake linasomwa kwenye mikutano pamoja na waliokimbia. Huyo alikuwa mtoto mwenye heshima. Kamtoe kwenye orodha ile. Wewe ndiye mama yake, hakuna mwingine mwenye karatasi.

Na jina lenu la nyumbani libaki. Queen akitaka kumwamkia mdogo wake shikamoo kwenye mkeka wenu, aamkie. Ila ofisini, shuleni, kwenye simu, na kinywani mwako unapomwita akale, mwite kama alivyobatizwa. Utakosea siku za mwanzo. Ukikosea, rudia.

Nitakuona tena baada ya huo mkutano, uwe umeshinda au umeshindwa. Usiniletee unga wala kuku. Njoo na kijana. Mkifika kwangu usimtambulishe, kaa pembeni. Nitamuuliza mwenyewe yeye ni nani, na hata akichukua muda mrefu kujibu, usimsaidie.